Droo ya Siri ya Gurbachan Singh

Kama kuna jambo Gurbachan Singh hakuwahi kumsamehe mtu, ni kufanywa mtoto. Na asubuhi hiyo, katika karakana yake pale Nakuru, alimfumania Obura akifanya hivyo hasa. Msimamizi aliyemfanyia kazi miaka ishirini alikuwa ameinamia mbao za kabati la bibi arusi wa Gilgil, akizipima upya kimyakimya. Mbao ambazo mzee mwenyewe ndiyo kwanza amemaliza kuzipima.

"Unatafuta nini hapo, Obura?"

"Nahakikisha tu, mzee."

"Tangu lini kazi yangu inahakikishwa?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

Obura akaurudia utepe wake wa kupimia. Basi mzee akajua ni Balbir, mwanawe wa pekee, maana hakuna mwingine wa kumwamuru Obura.

Tangu mkewe Harbans afariki mwaka wa 1972, Gurbachan alikuwa amekufa moyo. Chakula hakikupanda, usingizi hakuna, majina ya watu yakawa yanampotea mdomoni. Balbir akampeleka Nairobi kwa daktari mwenye mashine ya kuchora mawimbi ya ubongo. Ilibidi afungue kilemba chake cha Kisikh mbele ya watu baki. Nywele ambazo makasi hayajawahi kuzigusa zikamwagika mabegani, zikapakwa gundi, zikabandikwa nyaya. Aibu aliyoisikia siku ile, we acha tu. Alikubali kwa sharti moja: jibu likija alipate yeye kwanza, iwe ni huzuni au ni akili inayomtoka. Balbir akaapa. Huu ni mwezi wa sita tangu apimwe, na jibu hajalisikia.

Akaingia ofisini, akapapasa chini ya meza, akabonyeza kipande cha mwerezi. Meza ile aliiunda mwenyewe, na droo yake ya siri waliijua yeye na Balbir peke yao. Mpumbavu gani anamficha fundi kitu ndani ya kazi yake fundi?

Barua ilikuwa humo. Mawimbi yamepungua kasi, daktari aliandika. Haionekani kuwa huzuni peke yake, huenda ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau.

Ugonjwa angeumeza. Kilichomchoma ni kuzungukwa na mtoto aliyemlea kwa jasho lake, tena kwa kushirikiana na Obura. Machozi ya hasira yakamlenga.

Balbir akaingia na chai.

"Uliniapia," mzee akasema. "Nilivua kilemba changu kwa sababu uliniapia."

Balbir hakukana. Aliweka kikombe mezani polepole, kama mtu aliyechoka. "Igeuze hiyo barua, Bauji," akamwambia baba yake.

Nyuma palikuwa na maandishi ya Kipunjabi, ya penseli ya useremala, mwandiko wake mwenyewe: *Leo Balbir amenisomea yote. Barua nimeiweka hapa mimi. Obura nimemwambia awe anapima nyuma yangu. Nikiwakasirikia, nimesahau.*

Chini yake palikuwa na vijistari viwili.

Mzee aliketi. Hakuna aliyemgeuka isipokuwa kichwa chake mwenyewe, na hicho hangeweza kukifukuza kazi.

"Hii ni mara ya tatu?"

"Ya tatu."

"Na zote nilikuita msaliti?"

"Zote, Bauji."

Gurbachan akachomoa penseli kilembani, akachora kijistari cha tatu. Halafu akaushika mkono wa mwanawe, akamwomba msamaha upesiupesi, kabla hajasahau alichomkosea.