Barua ya Pili ya Lodi Gilbert

Mzee Ethan hakumpenda Nkatha tangu siku ya kwanza, na Nkatha naye hakujisumbua kumbembeleza. Shirika la walezi lilimtuma nyumbani kwake Springfield, Marekani, amwogeshe, amlishe na kumpa dawa. Lakini mzee alikuwa haoni tena, na alikuwa na kitabu cha kumaliza. Basi kila asubuhi Nkatha aliketi mbele ya kompyuta, akachapa alichotamkiwa.

Kitabu kilimhusu babu wa mababu zake, Lodi Gilbert, kabaila wa Uskoti wa karne ya kumi na nane. Miezi minne Nkatha alichapa sifa tupu: alivyoingia jeshini na miaka kumi na sita, alivyopigwa risasi ya paja akakataa kukatwa mguu, alivyopata kiti bungeni London. Akimsomea alichochapa na neno moja likawa limekosewa, mzee aligonga meza kwa fimbo.

"Kwenu mlifundishwa kuandika na mbuzi?"

"Na masista, Bwana Ethan. Endelea."

Jumanne moja wakafika mwaka 1746, maasi dhidi ya mfalme yakiwa yamezimwa. Mzee akamwamuru atoe nakala za barua za zamani kwenye droo, amsomee tarehe. Nkatha akasoma tarehe, kisha macho yakateremka. Katika barua ya kwanza Gilbert alimwarifu hakimu kwamba mdogo wake James, aliyepigana upande wa waasi, amejificha ghalani kwa mama yao. Katika ya pili James alikuwa ameshanyongwa, na kaka mtu akauliza mashamba ya marehemu atakabidhiwa lini.

"Andika," mzee akasema. "James alifariki kwa homa."

"Barua inasema alinyongwa. Na aliyemuuza ni kaka yake."

"Sikukuuliza. Kazi yako ni kunifuta mate. Andika homa!"

Kilichomuuma Nkatha ni kwamba alikuwa ameanza kumpenda Lodi yule, kwa ajili ya ule mguu. Akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Nitakuogesha na nitakulisha. Homa siandiki."

Mzee akapigia shirika simu hapo hapo, akadai ameibiwa barua. Nkatha akampashia supu. Mzee akalipiga bakuli kwa fimbo, supu ikamrukia kwenye sketi. Akapangusa sakafu, akajaza bakuli jingine.

"Kula. Dawa hizi hazimezwi na tumbo tupu."

Akala, akimtukana kila kijiko. Kesho yake akaletewa mlezi mwingine, Domina, ambaye aliandika homa bila neno.

Kitabu kilipotoka, Audrey, binti wa mzee, alimtumia Nkatha nakala kwake Adelphi. Nkatha akatafuta ukurasa wa kifo cha James, akausoma, akampigia Audrey simu.

"Baba alisema uliiba hizo barua," Audrey akasema.

"Ziko droo ya kushoto, chini ya soksi. Soma ya pili."

Audrey alizisoma jikoni kwa baba yake, kwa sauti, mpaka mwisho, huku mzee akigonga meza kwa fimbo. Nakala za kitabu zilizosalia pale nyumbani akazipakia garini akaondoka nazo, zisigawiwe tena. Domina anasema tangu siku hiyo mzee hataki hata jina la bintiye litajwe mle ndani.