Viatu Vipya vya Willy

Mtu wa nyumba ya mazishi alikuwa amesema viatu havihitajiki. Alisema kwa upole, maana upole ndiyo kazi yake: jeneza litafunguliwa nusu ya juu tu, watu watamwona Willy kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu itabaki chini ya kifuniko, kwa hiyo familia isijisumbue. Eustache, baba yake Willy, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akatoka nje na kumwambia binti yake Ariane kwamba wanakwenda kununua viatu.

Katika ukoo wao mwanamume hapelekwi kaburini pekupeku, na wala havalishwi cha kuazima. Wenzake Willy wa bendi walikuwa wamejitolea kuleta jozi ya mmoja wao, viatu vizuri, vilivyovaliwa mara chache. Eustache alikataa, tena kwa ukali uliomtia haya baadaye. Kilti, ile sketi ya Kiskoti ya bendi, aliipokea kwa sababu ilikuwa ya Willy. Alipimiwa yeye, mikunjo ilikaa kiunoni mwake yeye. Viatu ndivyo ambavyo kila mpigaji alijinunulia mwenyewe, na Willy hakuwahi kufika huko.

Mrundi huyo, aliyezaliwa kambini Tanzania na kukulia kwenye maghorofa ya St. James Town, Toronto, alikuwa akipiga ngoma katika bendi ya zumari za Waskoti. Kanisani watu walimcheka na ile sketi yake mpaka mbavu zikawauma, na Eustache akicheka pamoja nao, lakini siku ya gwaride yeye ndiye aliyetangulia kusimama kando ya barabara. Kwao ngoma wanaijua. Alisikia mkono wa mwanawe katikati ya ngoma nyingine zote, na moyo ukamjaa. Jumanne iliyopita, Willy akiwa kazini kwenye ghala huko Mississauga, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Hakuna aliyemgonga, hakuna aliyemkosea, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumkamata shati, na Eustache alitamani sana kumkamata mtu shati.

Duka lilikuwa Don Mills, kati ya saluni na mahali pa kutengeneza simu. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na hakuwajali mpaka Eustache alipomwambia Ariane, "Muulize kama ana viatu vya kuvalia kilti, lakini visiwe vya bei ya kutuua."

Mzee akainua kichwa. "Niulize mwenyewe, bwana. Mimi ni mtoto wa Kigoma."

Jina lake Bahadur. Baba yake aliuza khanga na viatu vya mpira pale Kigoma mjini, na yeye aliondoka akiwa kijana, lakini Kiswahili hakikuwa kimemtoka. Kilikuwa kimekaa tu kikisubiri mtu. Alipojua kwamba Eustache aliishi kambini Kasulu, basi ikawa furaha. Aliuliza habari za migebuka, wale samaki wa ziwani, akauliza kama stesheni ya reli bado imesimama, akavuta viti viwili bila kungoja majibu.

"Kilti," akasema, akimtazama Eustache kuanzia juu mpaka chini. "Na upepo huu wa Toronto utavaa sketi, mzee mwenzangu?"

"Si mimi. Ni mwanangu."

"Anaoa."

Halikuwa swali. Ilikuwa Juni, msimu wenyewe wa harusi. Nani mwingine angemtafutia kijana wake viatu vya namna hiyo? Eustache alifumbua kinywa amwambie. Akaona uso wa yule mzee jinsi ulivyochangamka, akaona tangu Jumanne hajatazamwa na mtu asiyemhurumia. Watu wote walimshika mikono yote miwili na kuinamisha vichwa.

"Ndiyo," akasema. "Jumamosi."

Ariane aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Papa," alisema, kisha akaendelea kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba aache, kwamba hilo si jambo la kufanya. Kiswahili alikisikia chote tangu utotoni lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa pale. Eustache hakumtazama.

"Mkwe ni Mskoti, basi," Bahadur akasema akiwa amekwisha kupanda ngazi ya rafu. "Hao ni wagumu. Mahari mmepeleka ng'ombe au wiski?"

Eustache alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, nacho kilimuuma kifuani, lakini hakutaka kiishe.

Bahadur akashusha jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya ngozi halisi, nyeusi, isiyo na ulimi, yenye kamba ndefu za kuzungushia kifundoni. Eustache aliitazama bei yake na kuirudisha kwenye boksi kwa adabu. Ya pili ilikuwa na kamba kama hizo lakini ni plastiki tupu, inang'aa kama sufuria mpya. Ya tatu ilikuwa viatu vyeusi vya kawaida vya ofisini, vya bei nafuu na imara.

"Wengi huchukua hivi," Bahadur akasema, akivigonga vya tatu. "Havina aibu. Na baada ya harusi atavivaa kazini, atavivaa kanisani. Pesa yako haitapotea."

Maneno hayo yalimwingia Eustache vibaya. Akavisukuma pembeni. "Nataka vya kamba ndefu."

"Kwa ajili ya siku moja?"

"Kwa ajili ya siku moja."

Hapo Ariane akatoa simu, akaonyesha picha ya bendi. Willy alikuwa nyuma kabisa, mabega yake yakionekana kati ya watu wawili. Kila picha alisimama nyuma, Ariane alieleza kwa Kiingereza, kwa sababu alikuwa bado anavaa viatu vyake vya shule na soli ilikuwa imeachia, akiibandika kwa gundi kila gwaride. Kamba ndefu ndizo alizozitaka siku zote. Eustache hakuwa akijua. Miaka yote ya magwaride alidhani mwanawe anasimama nyuma kwa sababu ya urefu wake.

Bahadur alivaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda. "Kijana mzuri," akasema. "Na bibi harusi anaitwa nani?"

Eustache alimtazama binti yake.

"Kirsty," Ariane akasema. Kisha, kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anayevuka mto kwa mawe: "Wifi yangu anaitwa Kirsty. Anapiga zumari."

"Kumbe wamekutana kazini," Bahadur akasema, akaingia stoo kutafuta jozi aliyosema ina mkwaruzo kisiginoni, ambayo angeweza kuiachia.

Eustache alimgeukia binti yake. "Nani huyo Kirsty?"

Ariane alikuwa akilia bila sauti. "Yupo kweli, Papa," akasema, bado kwa Kiswahili. "Willy alitaka kumleta nyumbani. Julai. Alisema kwanza anunue viatu, aje kwako amevaa vizuri, acheke mwenyewe kabla hujamcheka."

Eustache alimpoteza mwanawe Jumanne, na sasa, kwenye kiti cha duka la viatu, akampoteza tena: huyu wa Julai, mwenye mchumba, ambaye hakuwahi hata kumjua. Alitaka kupiga yowe. Alimshika Ariane mkono badala yake, wakakaa hivyo mpaka Bahadur aliporudi.

Viatu vilikuwa vya ngozi. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi ukucha. Bahadur alitaja bei, ikawa inabebeka.

"Lakini aje ajaribu mwenyewe," akasema.

"Hawezi kuja. Miguu yetu ni sawa. Raba zangu zote amezimaliza yeye." Na ni kweli, waligombana kwa ajili ya hizo raba mpaka mama yake, Candide, akazificha.

Bahadur alimpa soksi nene za sufu, maana za kilti ni nene na kiatu lazima kiziachie nafasi, kisha akapiga goti mbele yake, akamfundisha kufunga: vuta kamba, zipishane mbele, zisokote mara kadhaa, zipeleke nyuma ya kifundo, zirudi mbele, funga. Eustache alifungua, akafunga mwenyewe. Akafungua tena, akafunga tena, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayejua hatapata nafasi ya kukosea.

"Soli mpya zinateleza," Bahadur aliendelea. "Mwambie azikwaruze kwanza kwenye saruji, asije akaanguka akicheza. Na vikimbana virudishe, nitambadilishia. Mwezi mzima ninakupa."

"Havitarudi," Eustache akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini Bahadur, aliyekuwa bado amepiga goti, alimtazama usoni, kisha akamtazama Ariane, na mkono wake ukabaki juu ya kile kiatu. Nje mtu aliwasha gari na kuondoka.

"Jumamosi," Bahadur akasema.

"Jumamosi."

Mzee hakusema pole. Pengine aliona kwamba pole zilikuwa zimejaa kule walikotoka. Alivifungua viatu taratibu, akavifuta, akavilaza ndani ya karatasi zao.

"Hizo soli," Eustache akauliza. "Nizikwaruze kwa kitu gani? Msasa?"

Bahadur alikitoa tena kiatu kimoja, akakigeuza. "Saruji inatosha, ndugu yangu. Zaidi hapa mbele, kwenye kidole gumba. Ndipo mtu anapojizuia."

Jumamosi asubuhi Eustache alifika nyumba ya mazishi pamoja na Dismas, kaka yake Candide, kumvalisha Willy. Dismas alishika kilti na koti. Walipofika mlangoni Eustache alimwambia atangulie, akazunguka nyuma mahali pa kuegesha magari. Alipochelewa, Dismas alimfuata, akamkuta amepiga magoti na suti yake, boksi limefunguka pembeni, anasugua kiatu kipya kwenye saruji.

"Shemeji, wanatungoja ndani. Unafanya nini?"

"Soli mpya zinateleza," Eustache akasema.

Dismas aliweka kilti juu ya boneti ya gari la karibu, akapiga magoti naye, akachukua kile kiatu cha pili. Walisugua mpaka soli zote mbili zikawa za kijivu, kisha wakaingia kumvalisha.