Mji wa Wanaume Waliofunika Vioo

Sikilizeni, na mwenye kutaka kucheka angoje kwanza, maana aliyelala huyu amelala na hasira. Ni saa nane za mchana, jua limekaa juu ya bati kama limekaribishwa kiti, na Bi Havijawa kajinyoosha kwenye mkeka chumbani kwake Muheza, mkono chini ya shavu, hasira imemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Hakukusudia kulala. Alikusudia kusikiliza, kwa sababu nyuma ya ukuta yuko mjukuu wake Adinani, anafunga begi, na barazani viti vya kikao vinapangwa. Alasiri ikishaswaliwa wazee watakaa, na mume wake mwenyewe, Mzee Kibwana, ndiye atakayeongoza, waamue kama kijana huyu ataendelea kulala nyumba hii au atapanda basi la jioni asionekane tena. Bi Havijawa hakuitwa. Kaambiwa aandae chai. Basi anasikiliza zipu ya begi, inafunguka, inafungwa, inafunguka, na kila ikifunguka anaiona Jumamosi, siku ya gulio. Adinani anauza viatu vya mtumba, na miguu yake mirefu kama ya korongo. Kafungua belo, kakuta jozi ya kike yenye kisigino kirefu, inamtosha, kaipenda, kaivaa, kapita nayo barabarani mchana kweupe. Hakuiba, hakutukana mtu. Katembea. Alipofika kwenye mashine ya kusaga wanaume wakamwangusha, wakamvua, viatu wakavipeleka kwenye gogo la bucha, visigino wakavikata kwa shoka la nyama, na watu wazima wenye wajukuu wakapiga makofi. Bi Havijawa alikuwepo. Alikuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi. Adinani akiwa chini vumbini alimwona, macho kwa macho, akafungua kinywa aseme Bibi, na Bi Havijawa akavuta khanga akajifunika uso. Zipu inafunguka, inafungwa, inafunguka, na safari hii haisimami, inakwenda tu, meno kushoto na meno kulia, inakuwa ndefu, inakuwa barabara, na kumbe Bi Havijawa yuko juu yake anatembea.

Anatembea na barabara haishi. Akipanda kilima anajiona mbele yake anashuka, akishuka anajiona nyuma anapanda, na kila njia panda ina njia panda ndani yake. Anaita, Adinani, na sauti inakwenda inarudi bila mtu. Kisha pembeni yake kuna mtu anatembea naye, haijulikani katokea wapi, kavaa kanzu na koti, kofia imekaa sawasawa, ila chini ya kofia hapana kitu: uso mtupu, laini, kama mgongo wa kijiko. Bi Havijawa haogopi, hasira haikumwachia nafasi ya woga. Anamuuliza, mjukuu wangu kapita hapa? Yule asiye na uso anasema, shikamoo bi mkubwa. Marahaba, nimekuuliza mjukuu wangu. Yule anasema, kitendawili. Na Bi Havijawa, ambaye katika mtaa mzima hakuna mtoto aliyewahi kumshinda vitendawili, ulimi unamtangulia, anajibu, tega. Yule anasema: harusini tunamtuza, sokoni tunampiga, na mtu ni yule yule. Bi Havijawa anasimama. Jibu analijua. Kila harusi huku lazima atoke mwanamume mmoja kajifunga khanga, kajipaka wanja, kavaa viatu virefu vya wifi yake, anacheza mpaka akina mama wanashikana mbavu, anavishwa vitenge, anapigiwa vigelegele, na Bi Havijawa mwenyewe kavipiga. Jibu liko mdomoni. Lakini akilitoa itabidi aulizwe na la pili, kwa nini, na la pili hataki. Anasema, sijui. Yule anasema, nipe mji. Ndiyo desturi, asiyejua hutoa mji, na katika mchezo mji ni maneno tu, unampa mwenzio Korogwe, anakwenda Korogwe kwa mdomo, anakula anashiba, anarudi anakupa jibu. Bi Havijawa anasema, haya, nimekupa Korogwe. Na mbele yake, mbali kule, Korogwe inakunjwa kama mkeka, mabati, stendi, minazi, kinamama na masinia yao ya ndizi vichwani, inakunjwa yote, yule mtu anaitia kwapani. Jibu, anasema Bi Havijawa, nipe basi na jibu. Jibu unalo wewe, bi mkubwa. Mimi nina mji.

Hasira inapanda hatua moja. Wanakwenda, au barabara inawaendea, na mji mwingine unafika, mji wa vioo vitupu, kuta vioo, milango vioo, hata njia chini inang'aa. Wanaume wamejaa humo, watu wazima, wenye mvi, na kila mmoja kabeba shuka. Wanahangaika. Wanafunika vioo. Shuka moja ikianguka wanaikimbilia watatu, na wanafunika wakiangalia pembeni kama mtu anayemsitiri maiti. Miongoni mwao Bi Havijawa anamwona Mzee Mhina, fundi cherehani wa sokoni, jirani yao miaka arobaini, uso wake umefutika nusu, limebaki jicho moja na ndevu. Anamwambia, shemeji, mnaficha nini? Mzee Mhina anasema, weka shuka hapo bi mkubwa, watoto wataona. Wataona nini? Watatuona sisi. Bi Havijawa haulizi tena. Anashika shuka iliyo karibu, anaivuta, inachanika. Ndani ya kioo yuko Mhina, ana miaka ishirini, nywele kama kichuguu, suruali ya bugaluu inafagia njia, na chini ya bugaluu, unapoinuka upepo, viatu vya raizoni, kisigino kirefu na soli nene, vimemnyanyua vidole vinne toka ardhini. Anajigeuza mbele ya kioo, anajitazama nyuma. Bi Havijawa anavuta shuka ya pili, yumo mzee wa msikitini, raizoni. Ya tatu, mwenye bucha yenye gogo lile, raizoni, na soksi zake nyekundu. Wanaume wanalia, tuachie, ule ulikuwa mtindo, bibi, ule ulikuwa ujana. Na huyu wangu, anasema Bi Havijawa, naye anavuta huku anasema, huyu wangu ni mzee? Anachana, anavuta, na mikono yake haichoki, na ana hamu ya kuvunja, ana hamu kweli, na kila kioo kinachofunguliwa kinapiga kishindo cha hatua, ko, ko, ko, mji mzima unatembea.

Kioo cha mwisho kina shuka nzito na anaijua, ni shuka ya kitanda chake. Yule asiye na uso kasimama mbele yake. Kitendawili, anasema. Tega. Alifichwa jana, leo ndiye anayetafuta. Na hili Bi Havijawa analijua kuliko jina lake, linamchoma ulimi, lakini kulisema ni kumvua nguo mume wake mbele ya watu, na kafundwa miaka hamsini asimvue. Anasema kwa sauti ndogo, sijui. Nipe mji. Nimekupa Tanga. Na Tanga inakunjwa, mitaa yake na baiskeli zake, na bahari inatoka upande mmoja wa mkunjo kama mchuzi, yote kwapani. Lakini wakati yule anakunja, Bi Havijawa keshaivuta shuka. Ndani ya kioo ni mwaka ule wa njaa, mwaka wa unga wa njano, na Kibwana anakimbia. Kijana mwembamba, raizoni miguuni, anakimbia kama mbuni, na nyuma yake vijana wa doria wenye mikasi, wale waliokuwa wanakata suruali za watu njiani na kuwavua viatu eti wanaharibu nchi, na wote hawana nyuso. Mlango wa jiko unafunguliwa. Aliyefungua ana miaka kumi na saba, mikono myeupe kwa tui, na ni yeye, Havijawa. Anamvuta ndani kijana asiyemjua. Anamvua viatu, anavizamisha kwenye gunia la makopa, anamsukuma chini ya kitanda cha mama, anarudi kwenye mbuzi anakuna nazi. Wenye mikasi wanaingia. Kapita mtu hapa? Na yule msichana anainua uso, uso mzima, wazi, haukufunikwa na kitu, anawatazama mmoja mmoja, anasema, hapa kapita njaa tu, mwende mkaikate hiyo.

Bi Havijawa anamtazama msichana huyo kwa wivu na hasira. Anakaribia kioo amguse, na anachokiona kinachomkaribia kutoka upande wa pili ni mwanamke mzima, mnene kidogo, khanga kichwani na begani, na kati ya khanga na khanga hapana kitu. Laini. Mgongo wa kijiko. Anapapasa, pua hakuna, mdomo hakuna, na hata hivyo anaisikia sauti ya yule mtu wa njiani nyuma yake, ya upole, ya kuudhi. Kitendawili. Hajibu. Kitendawili, bi mkubwa. Tega, mwanaharamu wewe. Macho mawili, khanga moja. Khanga iliona, macho hayakuona. Miji imekwisha. Kwapani mwa yule mtu pamejaa, na barabara zote zilizobaki zimesinyaa zimekuwa moja, na mwisho wake ni Muheza, na Muheza yenyewe imesinyaa imekuwa nyumba moja, na ndani ya nyumba mna chumba, na ndani ya chumba kijana kakalia begi. Nipe mji, anasema yule, na mkono wake keshaunyoosha, keshashika pembe ya bati, ameanza kukunja. Bi Havijawa anatafuta mdomo wake. Anautafuta kwa kucha, anajikwaruza pale palipokuwa laini, panauma, panachanika, pale pale pananguruma, ni mimi. Jibu ni mimi. Mimi niliyejifunika. Rudisha.

Anaamka shavu limechorwa mkeka. Jua limesogea. Sauti ziko barazani, anasikia ya Kibwana, anasikia neno aibu, neno ukoo, neno basi. Anainuka bila kufunga khanga vizuri, anatoka. Wazee wamekaa nusu duara, Mzee Kibwana katikati na fimbo yake, Mzee Mhina kulia kwake. Kibwana anasema, mama, chai iko wapi? Bi Havijawa anasema, chai haipo. Mhina anacheka kidogo, anasema, bi mkubwa, haya ni mazungumzo ya wanaume. Ndiyo hayo nimekuja kuyasema, anasema yeye, na anayasema amesimama. Anasema Jumamosi alikuwa kwenye foleni na alijifunika, na mjukuu wake alimwona, na hilo atalibeba mwenyewe. Kisha anasema, na wewe Kibwana mwaka wa unga wa njano uliingia jikoni kwa mama yangu umevaa raizoni za vidole vinne, wanakufukuza kwa mkasi, nikakuficha, na viatu vyako nikavitia kwenye makopa, na ndipo uliponioa. Na wewe Mhina ndiye uliyemshonea bugaluu, ulikuwa nazo mbili. Leo mnakaa juu ya kiti mnamkalia mtoto.

Mzee Kibwana anampangusia kiti kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Umelala mchana, Havijawa, anasema. Usingizi wa mchana una mambo yake. Mimi kiatu cha namna hiyo sijakivaa maishani. Mhina, uliwahi kuniona? Mzee Mhina anakohoa. Sijawahi, anasema, wala mimi kitambaa cha bugaluu sijakishika. Watu wa mjini hao, labda. Na wazee wengine wanatikisa vichwa, hapa kwetu hayakuwepo, hayakuwepo kabisa, wanasema kwa upole mkubwa, kwa adabu, na jua limewapiga usoni pote hata Bi Havijawa haoni pua wala macho, anaona mng'ao tu. Anashika nguzo. Anamtafuta yule msichana wa jikoni, anamkosa, na inamjia labda kweli hakuwepo, labda kule kumficha kulikuwa ndoto na hii ndiyo kweli, au hii ndiyo ndoto na wao ndio wanaomuota, na hasira inamrudia, nzima, ya moto, kwamba wamekuja kumchukulia hata alichokiona kwa macho.

Pazia la mlango linasogea. Adinani kasimama, begi begani, peku, mguu mmoja una kitambaa pale walipomkanyaga. Hawatazami wazee. Bibi, anasema. Naam mwanangu. Viatu vya babu vilikuwa rangi gani? Wazee wanageuka. Bi Havijawa anafumba macho mara moja, na bila kutafuta anasema, rangi ya damu ya mzee. Ngozi ya kung'aa. Na ubavuni mstari mweupe, toka kisiginoni mpaka kidoleni. Fimbo ya Mzee Kibwana inachora kitu kwenye vumbi, na Mzee Kibwana anakitazama anachokichora.

Wa njano, anasema. Mstari ulikuwa wa njano.

Au hakusema. Mhina anaendelea kukohoa, hakuna aliyeinua kichwa, na Bi Havijawa anamkazia macho mume wake, anaitafuta midomo katika mng'ao ule aone kama ilisogea. Adinani anashusha begi, analiweka sakafuni katikati ya baraza, kati ya bibi na babu. Bi Havijawa analisukuma kwa kidole cha mguu, polepole, aone kama lina uzito wa safari au ni tupu.