Mkono wa Kuongeza

Usiniulize kama nakusikia. Sikusikii. Ukitaka tuongee, kaa mbele yangu kwenye mwanga, toa mkono mdomoni, na usitafune kitu, nami nitasoma midomo yako kama tunavyofanya wote tuliozeekea kwenye nyundo. Miaka thelathini na moja nimefua vyuma vya moto kwenye mji wetu wa viwanda, Cradley Heath, na nyundo yetu ya mashine ilikuwa ya tani tatu. Ikishuka, vikombe vya mtaa mzima vinacheza kabatini. Masikio yangu yalianza kwenda nikiwa kijana wa miaka thelathini. Nilipofika arobaini yalikuwa yameshakwenda.

Watoto wa siku hizi wananiuliza, mbona hamkuziba masikio? Wajinga! Ukiziba masikio utajuaje kwamba kalibu, kile chuma cha kutolea umbo chini ya nyundo, imepasuka? Kalibu nzima ikipigwa inalia, iliyopasuka inatoa sauti iliyokufa, na pigo linalofuata linarusha vipande vya kumtoboa mtu kifua. Kwetu ukionekana na pamba sikioni unaitwa muuaji, na chakula unakula peke yako. Hata binti yangu Lorna nilimfundisha hivyo, tangu akiwa mdogo ananiletea chakula getini. "Anayeziba masikio anaua mwenzake." Aliikariri kama sala.

Nikamfundisha na ishara zetu. Kiganja kikiinuliwa juu: ongeza, piga kwa nguvu zaidi. Kiganja kikishushwa: punguza. Mikono miwili ikipishana juu ya kichwa: simama. Hiyo ya kusimama hata tajiri mwenye kiwanda alikuwa anaitii, maana ukichelewa kidogo tu ni mkono wa mtu umekwenda. Nyumbani tulikuwa tunaongea kwa ishara hizo hizo mezani, mimi, Lorna na mama yake, Olive. Mbatata, ongeza. Chai, simama. Olive alipofariki tukabaki wawili, na Lorna akawa ndiye masikio yangu. Birika likipiga mluzi, yeye ndiye anainuka. Mlango ukigongwa, ananigusa bega.

Nilichokililia mimi ni muziki. Zamani niliimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya ya kanisa letu la Methodisti, na watu walikuwa wanageuka kuangalia ni nani yule. Masikio yalipokwenda niliendelea kusimama pale pale kila Jumapili nikifungua na kufunga mdomo kama samaki, bila kutoa sauti, nisije nikawaharibia wenzangu. Hakuna aliyejua isipokuwa Olive. Niliona aibu, na uchungu wake sikumwambia mtu.

Sasa Lorna alipofika miaka kumi na tisa akajinunulia gitaa la besi, akajiunga na vijana wawili wenye nywele za kufagilia sakafu, wakaanzisha bendi ya hevi metal. Loo! Nililichukia jambo hilo kuliko dhambi. Kila Jumamosi mchana, baa ya Nanga ikishafunga saa nane, walipewa chumba cha juu wafanye mazoezi mpaka ifunguliwe tena. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga huko, na niliapa sitakanyaga.

Nikakanyaga. Ilikuwa Jumamosi ya kutimiza miaka miwili tangu Olive afe, na tulikubaliana saa tisa twende wote makaburini. Saa tisa ikafika, Lorna hayupo. Tisa na nusu, hayupo. Nikavaa kofia nikaenda Nanga nimevimba kwa hasira, maua mkononi, nikiwa na nia ya kumburuta binti yangu mbele ya wahuni wake. Kwenye ngazi nilishika mbao ya pembeni nikaona inatetemeka. Nikasukuma mlango. Lorna alikuwa amesimama ameegemeza mgongo kwenye spika kubwa kuliko kabati la nguo, na ili nimkamate ilinibidi nipite mbele ya ile spika.

Sikumkamata. Nilisikia.

Sijui nikueleze vipi. Sauti za juu sikuzipata, wala maneno. Lakini chini kabisa kulikuwa na sauti, ikafuata nyingine, ikateremka ya tatu, taratibu, nzito, na ukijumlisha zote ulikuwa ni wimbo. Wimbo, bwana! Miaka kumi na moja sijausikia hata mmoja! Uliingia kifuani kwanza ndipo ukapanda kichwani. Nikabandika kiganja kwenye mbao ya spika nikalia machozi mbele ya vijana walionijua kama mzee wa kuwafukuza vibarazani.

Wakaacha kupiga. Nikaona midomo ya Lorna. "Baba! Unaumwa? Jamani, maua! Nimesahau!"

"Pigeni tena," nikasema.

"Nini?"

"Pigeni tena, mbwa nyie!"

Wakapiga. Nami bila kufikiri nikainua kiganja, kama ninavyomwonyesha mwendesha nyundo. Lorna akacheka mpaka magego yakaonekana, akageuza kitufe.

Basi tangu hapo nikawa mgonjwa wa muziki ule. Nilichukua santuri za Lorna nikawa nakaa sakafuni nimeegemea kabati la gramafoni, nikajifunza zipi zina besi na zipi ni kelele tupu. Za haraka haraka ziliniponyoka. Nilizipenda zile za polepole, zinazotembea kama mtu aliyebeba mzigo mzito na hana nia ya kuutua. Nilianza kuwaelewa hata wale vijana. Wamezaliwa kando ya nyundo, wamelala na nyundo, wamenyonya na nyundo, sasa wameikamata wakaitia wimbo. Ule ulikuwa muziki wetu, na sisi wazee ndio tuliokuwa tunautukana.

Seth, aliyekuwa mwendesha nyundo wangu miaka yote, alinichokoza sana. "Wilf bwana, hereni unatoboa lini?"

"Wivu utakuua."

"Mzee wa besi! Nywele huna, utatikisa nini?"

Lakini siku moja yeye naye akaja Nanga kusikiliza, na tulipotoka akanishika koti. "Umeona Lorna anaposimama? Mgongo uko kwenye spika, mwanao yule. Mwambie aweke pamba."

"Pamba? Binti wa Wilf Tibbetts aweke pamba? Unanitukana?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," Seth akasema, akaenda zake.

Nilidhani ananisema mimi. Nikacheka.

Miaka miwili sikukosa Jumamosi hata moja. Kadiri masikio yangu yalivyozidi kudidimia ndivyo nilivyozidi kuinua mkono. Ongeza. Lorna anageuza kitufe. Ongeza tena. Anageuza. Kiwanda kilipofungwa majira ya baridi ya mwaka themanini na moja, sikubakiwa na kitu kingine cha kuamkia, na Lorna alilijua hilo.

Januari, Jumapili moja, tulikuwa jikoni. Mimi nasoma gazeti, yeye anafuta nyuzi za gitaa, mgongo kwenye jiko, birika liko motoni. Nikahisi harufu ya kuungua. Nainua macho, mlango unafunguliwa kwa kishindo, jirani yetu Bi Perks anaingia mbio.

"Mmekufa humu?" midomo yake ikasema. "Robo saa nzima birika limepiga mluzi mpaka limenyamaza!"

Birika lilikuwa limekauka, kitako kimegeuka chekundu. Lakini mimi sikuwa naliangalia birika. Nilikuwa namwangalia Lorna, na Lorna alikuwa anaangalia mdomo wa Bi Perks. Yale macho nayajua. Ni macho yangu.

Bi Perks alipoondoka niligeukia ukuta nikaita kwa nguvu, "Lorna!" Nikageuka. Anafuta nyuzi. Nikamgusa bega.

"Tangu lini?"

Akajaribu kucheka, akashindwa. "Tangu Pasaka."

"Daktari?"

"Nimekwenda. Anasema nikiacha sasa, yaliyobaki yatabaki."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungeacha kuja." Alikuwa anafungua mdomo wazi, neno moja moja, kama watu wa kiwandani, ili nisikose hata moja. "Hukuwahi kuja kwenye kitu changu chochote, Baba. Shuleni hukuja. Nilipoimba kwenye mashindano hukuwepo, zamu. Kila siku zamu. Halafu siku moja ukaja, ukalia, ukainua mkono. Ningefanyaje?"

"Ungepunguza!"

"Ulisema ongeza."

"Basi si ungeziba masikio, wewe mtoto!"

Akaweka gitaa chini. Halafu akasema ile sala ya kuziba masikio niliyomfundisha getini, yote, taratibu, na nilitamani macho yangu nayo yafe nisiisome.

Sikulala wiki ile. Nilijiambia, wewe Wilf, wewe na mkono wako. Kiwanda kilikula masikio yangu, lakini ya Lorna sikumpa mtu mwingine lawama. Niliyala mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikishangilia.

Jumamosi ilipofika nikaenda Nanga, kwa sababu lazima mtu amzuie. Walikuwa wameshaanza. Nilisimama katikati ya chumba, nikainua mikono miwili, nikaipishanisha juu ya kichwa.

Mpiga ngoma alisimama papo hapo, vijiti hewani. Baba yake alikuwa mtu wa nyundo. Mwenye gitaa naye akasimama. Lorna hakusimama. Aliendelea kupiga peke yake, ananitazama usoni, na midomo ikafunguka wazi.

"Hata mimi sasa nasikia hii tu, Baba."

Akageuza kitufe mpaka mwisho.

Mpiga ngoma alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akashusha vijiti. Wakaingia wote. Sikuiteremsha mikono. Niliishikilia pale juu mpaka mabega yakawaka moto, na ishara ambayo tajiri mwenyewe aliitii, humo ndani hakuna aliyeijali. Sakafu ilitetemeka. Ulikuwa ule wimbo wa polepole, wa siku ya kwanza, na Mungu anisamehe, niliusikia wote.