Ndege wa Bi Mwanabibi

Bi Mwanabibi michezo hakuipenda, na punje za mpunga wake ndiyo kwanza zilikuwa zinajaa. Shamba lile la bondeni, karibu na pantoni ya Ndundu, ndilo chakula chao cha mwaka mzima. Ndege wakilimaliza, watakula mihogo na masimango ya majirani. Mwanawe, aliyekuwa akiuza kaseti Dar tangu biashara zifunguliwe, alimletea kanda mbovu azitandaze juu ya mpunga zivume, ndege waogope. Siku hiyo hata upepo haukuwepo.

Kuamia ndege, yaani kuwafukuza mpungani, waliachiwa wajukuu: Salwa, Badru na mdogo wao Twalha, ambaye hata kupenga kamasi hajui. Wakaamia? Thubutu! Waligeuza mchezo: wawili wanajifanya ndege, mmoja mwamiaji, wanakimbizana matutani, debe linagongwa, "Swaa! Swaa!", wanagombana nani kanaswa.

"Nyie watoto! Nimewaleta kazini au ngomani?" bibi akafoka. "Pandeni dunguni, mkae kimya. Ndege akija, mpigeni kombeo."

Wakapanda kwenye kile kibanda cha miti, adabu tele. Bibi akaridhika, akaenda kupika. Kumbe mtoto ukimnyamazisha, analala! Alipoinua macho, kweleakwelea wametanda mpungani wanakula kwa raha zao. Akatoka mbio na mwiko mkononi. Anawafukuza huku, wanatua kule.

"Sivyo, bibi," Salwa akasema kutoka juu, akifikicha macho. "Ndege anaingilia kwenye matete, halafu anazunguka. Mimi nikiwa ndege, ndivyo ninavyomchenga Badru."

Bibi akayatazama matete. Kweli tupu, walikuwa wanamiminika kutoka huko.

"Basi shukeni mcheze, wajukuu zangu. Upesi!"

Badru akabetua midomo. "Twalha bado kalala. Ndege mmoja hainogi."

Lo! Mpunga unaliwa, na kitoto kinaweka masharti!

Mzee Kondo wa shamba la jirani alisikia makelele, akaja mbio. Akamkuta Bi Mwanabibi, mtu mzima na heshima zake, kanga kaifunga kibwebwe, mikono kaitanua, anakata kona kwenye matete na Salwa, Badru nyuma yao na debe. Kweleakwelea walikuwa wanainuka kundi kwa kundi.

"Makubwa! Bi Mwanabibi, umepandisha mashetani?"

"Nipishe, Kondo, nanaswa!" akasema akihema na kucheka. "Nawe kawalete wajukuu zako wacheze. Ndege hao wanakwenda kwako!"