Meza ya Restuta

Restuta alipotimiza miaka hamsini hakutaka sherehe ya turubai na spika. Alitaka ndugu zake wawili wakae naye meza moja. Hawakuwa wakizungumza tangu matanga ya baba yao, kwa sababu ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba alilowaachia huko Nyakasimbi. Pastory, mkubwa wao, ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya baba. Xaveri, kitinda mimba, alikuwa mnunuzi wa maharage Nkwenda, na kila alipokuja kuangalia migomba yake alidai kwamba miramura, ile mimea ya mpaka aliyoipanda baba yao, imesogezwa. Pastory naye alidai vivyo hivyo.

Restuta akawaalika wote wawili, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake atakuwepo.

Mgahawa wenyewe uko kilimani, nje kidogo ya Omurushaka. Mpishi wake, Sperancia, alisomea upishi ng'ambo akarudi kwao. Pale hakuna kuagiza. Unakaa, unaletewa vyakula vidogovidogo, kimoja kikiisha kinakuja kingine, vyote vya mashamba ya jirani, na hakitupwi kitu. Restuta alipachagua kwa makusudi. Chakula cha namna hiyo hakimruhusu mtu kufakamia na kuondoka.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Pastory alitangulia kufika akiwa na koti lake la kanisani. Xaveri alipoingia na kumwona, alisimama palepale mlangoni.

"Shikamoo, dada. Huyu anafanya nini hapa?"

"Marahaba. Kaa, Xaveri. Leo ni siku yangu."

Alikaa, lakini aligeuza kiti upande ili asitazamane na kaka yake.

Ikaja supu. Sperancia mwenyewe alitoka jikoni kueleza kwamba ni ya maganda ya ndizi, yaliyochomwa kwanza kisha yakachemshwa na vitunguu vya bustanini.

"Mbuzi wangu hula haya kila siku," alisema Pastory.

"Mbuzi wako anakula migomba yangu," alijibu Xaveri, akiitazama supu.

Sperancia alitabasamu kidogo, akarudi jikoni. Wakaletewa senene wachache juu ya kipande chembamba cha ndizi ya kuchoma. Xaveri alikiinua kwa uma.

"Hata hapa nakatiwa kipande. Kama nyumbani."

"Ungekuja mapema kulima usingekatiwa."

"Nije mapema wapi? Ulikuwa umeshachimba mashimo ya mpaka kabla hatujamaliza kumlilia mzee!"

"Ungejuaje? Ulikuwa umelala chini, umelewa rubisi, mbele ya padri."

Wageni wa meza ya jirani waligeuka. Restuta aliweka mkono mezani, katikati yao. Ukaletwa uyoga uliofungwa kwenye jani la mgomba, nao wakainama kufungua majani. Restuta akaona huo ndio wakati wake.

"Sikilizeni. Nimefikiri. Kile kipande mnachogombania, kutoka kwenye mibuni ya mama mpaka kijitoni, nipeni mimi. Mimi pia ni mtoto wa baba. Nikiwa katikati, hakuna atakayemsogelea mwenzake."

Pastory aliweka uma chini. Akamtazama Xaveri usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Restuta hakuamini masikio yake. Neno kaka alikuwa hajalisikia kinywani mwa Xaveri tangu msiba.

"Mwanamke ameolewa Muleba, anataka ardhi ya ukoo wetu," alisema Pastory.

"Mume wangu yuko kaburini. Shemeji zangu waliniambia nirudi kwa baba yangu."

"Hapa ni kwetu. Utakakokwenda wewe hakutuhusu," alijibu Pastory.

Restuta alijaribu kusema polepole, ikashindikana.

"Nani alimwogesha baba alipolala kitandani mgonjwa mwaka mzima? Wewe Pastory ulisema harufu inakushinda. Wewe Xaveri ulikuja kuuliza kama ameshagawa kibanja. Mimi ndiye niliyembeba mpaka chooni!"

"Hiyo ni kazi ya binti," alisema Xaveri. "Tulikushukuru."

"Lini?"

Xaveri alisimama, akampisha kaka yake atangulie.

"Twende, kaka. Nina gari."

Walitoka pamoja. Kupitia dirishani Restuta aliwaona karibu na pikapu, Pastory akishika bega la mdogo wake, wakizungumza kwa haraka kama watu waliopotezana siku nyingi.

Sperancia alikuja na nyama ya mbuzi iliyookwa taratibu kwa kuni za mibuni iliyozeeka. Alisita akiviona viti viwili vitupu.

"Mama, niendelee?"

"Endelea. Lete vyote vilivyobaki."

Akala peke yake. Nyama ilikuwa tamu, na utamu huo ulimuudhi. Alitaka iwe mbaya, apate wa kumgombeza. Alipomaliza alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza, akapanda bodaboda kurudi alikofikia.

Wiki iliyofuata alifungua shauri kwenye baraza la ardhi. Ndugu zake walikuja kwa gari moja, wakakaa benchi moja, wakaapa kwa sauti moja kwamba kati yao hakujawahi kuwa na ugomvi wowote wa mpaka, hivyo hakuna kipande cha kumpa dada yao. Majirani walioitwa walicheka waziwazi, na mmoja akasimulia walivyorushiana mapanga migombani. Baraza likaona wamedanganya, likampa Restuta, mtoto wa marehemu kama wao, kipande alichokiomba.

Msimu wa kahawa alikwenda kuchuma akiwa na wanawake wawili aliowakodi. Pastory alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya baba. Alipomwona akiingia na vikapu, aliita wajukuu waliokuwa wakimkimbilia bibi yao huyo, akawaingiza ndani mmoja mmoja, akafunga mlango. Restuta aliinama kwenye mbuni wa kwanza wa mama yake, akaanza na matawi ya chini.