Kichwa Bila Spika

1.

HATI YA KUKAMATA KIFAA
Kitengo cha Kudhibiti Sauti Zilizozidi, Kata ya Mifenesini
Kumb. Na. KSZ/MF/0417

Mwenye kifaa: Tekla Mkude
Kazi: (amekataa kujibu, amesema "andika mwenyewe")
Kifaa: Amplifaya ya gitaa la besi, sehemu ya juu, iitwayo kichwa. Moja.
Sehemu ya chini (spika): haikuchukuliwa. Haikuenea kwenye gari.
Kosa: Kutoa sauti moja, nzito, ileile, kwa saa nzima, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na kumkosesha raha mmiliki wa nyumba ya wageni iliyo jirani.

2.

Sauti moja, ileile. Ndiyo! Walitaka iwe ngapi?

Asubuhi hiyo Tekla alikuwa amebadilisha kapasita mbili ndani ya amplifaya yake. Ukishafanya hivyo huanzi kupiga dansi. Unaipa mashine uzi mmoja, ule mnene, polepole, na unatega sikio kama unavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Ikikoroma, unaizima. Isipokoroma, unaendelea mpaka moyo wako utulie. Fundi yeyote anajua hivyo. Mwenye gesti hajui, na kutojua hakumfungi mtu. Lakini kukimbilia kushtaki bila hata kubisha hodi na kuuliza "Mama, vipi leo?", hilo Tekla hamsamehi.

Na kazi yake wanaiuliza! Miaka thelathini na minne amesimama nyuma ya waimbaji na besi begani, na kila aliyecheza mji huu alicheza kwa vidole vyake.

3.

Vilivyobaki nyumbani kwa Tekla baada ya pikapu kuondoka:

— Besi ya kahawia. Aliikuta Tabora, kwenye stoo ya bendi iliyokufa, panya wamezaa ndani ya kasha lake.

— Besi iliyokuwa nyeupe. Alibadilishana na masista wa misheni kwa sare arobaini za shule, alizozishona mwenyewe.

— Besi isiyo na vyuma shingoni. Aliving'oa kwa koleo mwaka alioachishwa bendi, kwa hasira, kisha akaipenda hivyohivyo.

— Sufuria ya kuchemshia nyuzi zilizochoka. Haipikiwi chai. Wageni huambiwa mapema.

— Spika moja kubwa.

— Juu ya spika, alama ya mstatili isiyo na vumbi.

4.

"Mnaipeleka wapi?"

"Kupimwa, mama. Kama kelele zake zimezidi kiwango."

"Na nani?"

"Na mimi. Naitwa Mwasanguti, ni Afisa Sauti."

"Spika unayo huko ofisini?"

Bwana Mwasanguti alitazama pikapu, akatazama spika, akatazama pikapu tena.

"Mwanangu, nisikilize. Usiiwashe bila spika. Hata dakika moja. Umenielewa?"

"Tumekuelewa, mama."

Hakumwamini. Akachukua kalamu nene nyekundu, akaandika mgongoni mwa amplifaya, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma:

USIWASHE

BILA

SPIKA

5.

Wewe unayesoma huenda hujui, na wewe hujakosea kitu.

Amplifaya hii ni ya zamani, ya taa za kioo. Nguvu inayotoka kwenye zile taa lazima ipate pa kwenda, na pa kwenda ni kwenye spika. Ukiwasha, ukaongeza sauti, na spika haipo, nguvu ile inarudi ndani na kuunguza transfoma. Basi. Ni hilo tu. Mtoto wa darasa la nne anaelewa.

Transfoma yenyewe ina waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara. Tekla ameulizia nyingine katika miji mitatu. Hakuna. Amplifaya aliipata Kondoa, kwenye baa iliyofungwa, kuku anatagia juu yake. Alikwenda mara tatu ndipo mwenyewe akakubali kuiachia. Miaka kumi na tisa ameifuta, ameichomelea, ameipuliza vumbi, na sauti yake

hapana. Sauti hiyo tuiache kwanza.

6.

RIPOTI YA UPIMAJI
Mpimaji: L. Mwasanguti, Afisa Sauti

Saa 3:10. Kifaa kiliwashwa. Taa ziliwaka. Hakikutoa sauti.
Saa 3:15. Redio ya ofisi iliunganishwa. Hakikutoa sauti.
Saa 3:20. Sauti iliongezwa hadi nusu. Hakikutoa sauti.
Saa 3:25. Sauti iliongezwa hadi mwisho. Hakikutoa sauti.
Saa 3:40. Harufu.
Saa 3:42. Moshi kiasi. Kifaa kilizimwa.

Maoni: Maandishi mekundu yaliyo nyuma ya kifaa yalisomwa. Yalichukuliwa kuwa njama ya mtuhumiwa kukwamisha upimaji.

Hitimisho: Kifaa hakina uwezo wa kutoa kelele.

7.

Ripoti ilimfikia Tekla pamoja na barua. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa kifaa kimethibitika kutotoa kelele, shauri lake limefutwa; ofisi inamshukuru kwa ushirikiano; afike dirisha namba 2 na kitambulisho.

Aliisoma ripoti akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

Harufu.

Neno moja, saa tatu na dakika arobaini. Mtu mzima, aliyesomeshwa, ameinusa, ameiandika, kisha amekaa dakika mbili zaidi akitazama.

8.

Chande, aliyempigia dramu miaka yote ile, alikuja kumpongeza.

"Dada Tekla, si ushukuru? Wamekufutia."

"Chande, mtu akikuvunja mguu, halafu akwambie kesi yako ya kucheza ngoma imefutwa, utamshukuru?"

Chande akaenda kutafuta mkokoteni.

9.

Yaliyosikika njiani, saa mbili asubuhi, mkokoteni ukipita na spika na besi ya kahawia:

"Kuna harusi wapi?"

"Hakuna harusi. Kuna msiba."

"Msiba na spika?"

"Sukuma, Chande."

10.

Dirisha namba 2 lilikuwa la Bi Sikudhani, mtunza stoo. Aliitoa amplifaya kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiweka mezani. Tekla alivuta waya wa umeme mpaka ulipofika, yaani mbele ya dirisha hilohilo, akaiweka spika pale. Akaunganisha. Akawasha. Taa za kioo ziliwaka vizuri, rangi ya chungwa, kana kwamba hakuna lililotokea.

Akapiga uzi mnene.

Tak. Uzi wenyewe tu, mkavu, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha.

Alizima. Akafungua mgongo wa mashine, akaweka mita ya umeme kwenye transfoma. Sindano haikusogea: waya wa ndani ulikuwa umekatika. Akainama akanusa, na hapo Tekla akalia, mbele ya watu, kwa hasira tupu, na hakuona haya hata kidogo.

11.

FOMU YA KUPOKEA

Mimi ........................ nimepokea kifaa changu kikiwa kizima, na sina dai lolote dhidi ya ofisi.
Sahihi ........................

12.

"Mama, weka tu sahihi uende nacho," alinong'ona Bi Sikudhani. "Mimi mwenyewe ile harufu niliisikia toka huku stoo."

"Basi iandike."

"Siwezi, mama. Kazi hii ndiyo inasomesha wanangu."

"Nani anaweza?"

Bwana Mwasanguti aliitwa.

"Mama Mkude, tusikuze mambo. Fomu ni hiyo. Ofisi haiandiki mambo kama hayo."

"Mambo gani?"

"Hayo."

"Yataje."

Bwana Mwasanguti aliisogeza fomu karibu naye.

"Sitaki fidia," alisema Tekla. "Sitaki pole ya mdomoni. Nataka mstari mmoja kwenye karatasi hii, kwa mkono wako: tuliiwasha bila spika tukaiunguza. Ukiuandika, natia sahihi, naondoka."

"Usipotia sahihi, kifaa kinabaki hapa."

"Kibaki. Na mimi nabaki."

Akaketi juu ya spika, palepale mbele ya dirisha.

13.

Foleni:

"Huyu mama anangoja nini?"

"Amplifaya yake."

"Si ile pale?"

"Ile imekufa."

"Kaiua nani?"

(Watu wote walimtazama Bwana Mwasanguti. Bwana Mwasanguti alitazama simu yake.)

14.

Rasimu tatu za tangazo, zilizoandikwa na Bi Sikudhani na kuchanwa na Bwana Mwasanguti:

a) ...huduma zimesitishwa kwa sababu ya mwananchi mmoja

*Ilichanwa. Watu wangeuliza amefanywa nini.*

b) ...kwa sababu ya hitilafu ya kifaa

*Ilichanwa. Wangeuliza nani kaisababisha.*

c) ...kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa ofisi

*Hiyo Bi Sikudhani aliichana mwenyewe.*

15.

Lililobandikwa saa saba mchana:

TANGAZO

Wananchi mnaarifiwa kuwa huduma za dirisha namba 2 zimesitishwa leo kwa sababu ya

........................................

Asanteni kwa uvumilivu.

16.

Mwanamke mmoja aliyekuja kuomba kibali cha tamasha la kwaya alisimama mbele ya ukuta, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye nukta alisita. Akarudia tangu mwanzo. Akasita palepale.

"Kwa sababu ya nini, mama?" alimuuliza Tekla.

"Waulize wao. Mimi nangoja waandike."

Yule mwanamke aliitazama amplifaya iliyofunguliwa mgongo. Aliyatazama maandishi yake mekundu. Akamtazama Bwana Mwasanguti kwa muda mrefu, kwa jicho ambalo watu wengi pale walilikumbuka toka utotoni.

Kisha akabandua tangazo ukutani, taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Akalipitisha chini ya kioo cha dirisha. Akatoa kalamu kwenye pochi, akaiweka juu yake.

"Mimi ni mwalimu," alisema. "Sentensi haiishii hapo. Malizia."

Nyuma yake foleni ilisogea hatua moja mbele.